Kabati la Chinchila

Uongo wangu niliusema nikiwa nimebeba upande mmoja wa sofa.

Tulikuwa tunashusha vyombo vya mama mmoja wa Kihindi, mjane, kwenye ghorofa la zamani Upanga. Watoto wake walioko nje walikuwa wamemkatia tiketi akaishi nao, na wanunuzi wa samani za mitumba wa Kariakoo walikuwa wamechukua karibu kila kitu. Mimi nilikuwa mpagazi wao wiki ile. Wiki ya nyuma nilikuwa napaka rangi mageti, na kabla ya hapo niliuza miwani ya jua barabarani. Shule niliiacha darasa la sita, na tangu hapo sijawahi kumaliza mwaka kwenye kazi moja wala chumba kimoja. Kitu kikinivutia nakifuata, nikishakielewa naondoka.

Chumba cha mwisho cha nyumba ile kilikuwa kimefungwa. Mama alifungua mlango kidogo, akapenya, akaufunga haraka kama mtu anayezuia kuku wasitoke. Nikauliza humo kuna nini. Akanitazama kwanza, kisha akaniambia niingie upesi.

Ndani kulikuwa na baridi ya benki. Juu ya rafu alikaa mnyama wa kijivu, ukubwa wa sungura mdogo, masikio mapana ya duara, mkia wa manyoya kama wa kindi. Aliponiona aliruka kutoka kwenye rafu, akagonga ukuta kwa miguu, akatua dirishani bila kelele. Nilisahau kazi iliyonileta.

"Chinchila huyu," mama akasema. "Kwao ni milima ya Amerika Kusini, juu kwenye baridi. Mjukuu wangu alimnunua, akaenda chuo, akaniachia."

"Anakula nini, mama? Anaishi miaka mingapi? Mbona hanuki?"

Akacheka, mara ya kwanza siku ile. Anakula majani makavu. Akitunzwa anafika hata miaka ishirini. Haogi maji, anaoga vumbi, kwa sababu manyoya yake ni mazito mno; yakilowa hayakauki, ngozi inaoza chini yake. Na joto ndilo linalomwua. Likizidi nyuzi ishirini na tano masikio yanageuka mekundu, analala ubavu, na hapo huna muda.

Kisha kicheko kikaisha. AC ilikuwa imeshauzwa, fundi angekuja kuing'oa Jumamosi asubuhi, na yeye alikuwa anapanda ndege jioni ileile. Alishawauliza ndugu, majirani, na watu wa msikitini kwao. Daktari wa mifugo alimwambia akikosa mtu wa kumchukua mnyama, atampiga sindano afe bila kuteseka.

Nilirudi kwenye sofa. Akanifuata hadi kwenye ngazi.

"Wewe unakaa wapi?"

"Buguruni, mama."

"Unapokaa kuna AC?"

Sofa ilikuwa inanichubua bega. Niliwaza yule mnyama dirishani. "Ipo," nikasema, naye akakubali nije kumchukua Jumamosi.

Hiyo ilikuwa Jumanne. Chumba changu Buguruni kilikuwa cha bati tupu bila dari. Fundi friji mmoja wa Gerezani, niliyewahi kumsaidia kazi, aliniazima kipimajoto chake. Nilikitundika juu ya kitanda, nikakisoma saa nane mchana: thelathini na saba. Nikatundika magunia yaliyolowa, nikaazima feni, nikalaza mtungi wa udongo kwenye mchanga wenye maji nikitumaini mnyama atalala humo. Hadi Jumatano alasiri nilikuwa nimefika thelathini ndani ya mtungi, na mkono nilioutumbukiza ulitoka na unyevu. Ningemwozesha akiwa hai.

Nikaenda kwa mama mwenye nyumba.

"Shikamoo mama. Nilikuwa nauliza, nikifunga AC ndogo..."

"AC! Umeme wa kuchangia, friji nimekataza, wewe unataka AC? Unaumwa?"

"Si yangu, mama. Ya mnyama. Anafanana na panya kidogo."

"Kila wiki nanunua sumu ya panya," akasema, "na wewe unamfungia mwenzao kiyoyozi. Ongeza na kitanda basi, aje na familia." Wapangaji waliokuwa wanafua uani walicheka mpaka povu likawaingia machoni. Siku zilizofuata waliniita baba panya.

Sikuwa na mahali, lakini mikono ilikataa kukaa. Kule Upanga lilikuwa limebaki kabati la vyombo ambalo wanunuzi walilikataa kwa sababu vioo vya milango vilikuwa vimevunjika. Mama alinipa. Alhamisi niliweka wavu wa waya penye vioo, nikang'oa vipande vyote vya plastiki kwa kuwa anatafuna kila kitu, nikapiga msasa kila ncha ya msumari. Rafu nilizikata nusu, moja kushoto, inayofuata kulia, ili apande kwa kuruka. Majani makavu nilipata kwa wafuga ng'ombe. Vumbi la kuogea ndilo lililonisumbua. Niliokota la barabarani, nikalisugua kwenye kiganja: mafuta ya magari, mchanga, makaa. Hapana. Nikakumbuka udongo ule wa kula, vile vipande vya kijivu wanavyouziwa wajawazito sokoni Kariakoo. Ukivunja ni laini kama poda.

Muuzaji alinifungia mfuko mmoja. "Shemeji ana miezi mingapi?"

"Sina mke, dada."

"Kumbe ni wewe mwenyewe! Basi chukua na ndimu."

Niliutwanga, nikauchekecha kwa kitambaa. Kufikia Ijumaa asubuhi nyumba ilikuwa imekamilika, na hapakuwa na mahali pa kuiweka duniani.

Nikaipakia kwenye mkokoteni, nikaingia Kariakoo na kipimajoto mkononi. Nilikuwa nimebakiza siku moja na sikuwa na mpango mwingine zaidi ya kupima. Nilipima chini ya ngazi za maghorofa ya maduka: thelathini na moja. Stoo ya vitenge, thelathini na tatu. Baraza la msikiti, thelathini. Duka la dawa za jumla lilikuwa na ishirini na mbili, tena maboksi yake yameandikwa yasihifadhiwe zaidi ya nyuzi ishirini na tano, kama vile yanamzungumzia yeye. Nilimweleza mwenye duka. Alinionyesha mlango kabla sijamaliza, na alikuwa na haki.

Kwenye kichochoro cha mama lishe nilisimama kupima kivuli chao. Nikaona masufuria yanafunikwa moja baada ya jingine. Mmoja alivaa kofia ya nywele haraka, mwingine akasukuma ndoo ya maji machafu nyuma kwa mguu.

"Karibu bwana afya," akasema wa kwanza, anatabasamu meno yote. "Kaa upate chai."

"Mimi si bwana afya, mama. Natafuta baridi."

"Natafuta baridi, anasema! Baridi Kariakoo!" Walipoelewa kabati ni la nani walinizomea mpaka mwisho wa kichochoro, na masufuria yakafunuliwa.

Saa tisa jasho lilikuwa limelowesha hata mfuko wa udongo. Niliketi kwenye kishikio cha mkokoteni. Nilijiona nikipanda ngazi za Upanga kesho yake kumwambia yule mama ampigie daktari. Nimewahi kuwakimbia watu wengi, wenye nyumba, mabosi, hata mwanamke mmoja mzuri. Nikawaza pia kutokwenda kabisa. Angesubiri, AC ingetoka, na mimi ningekuwa Morogoro, ambako nilikuwa nimeahidiwa kibarua.

Hewa ya baridi ilinipiga kisigino. Ilitoka chini ya mlango wa duka la jumla la matufaha, yale maepo yanayoletwa kwa meli. Nikaingia bila kubisha. Chumba cha mbele, cha kupokelea mzigo, chenye AC yake, kilikuwa na nyuzi ishirini na mbili. Nyuma yake palikuwa na mlango mzito wa chumba cha baridi, na mbele ya mlango mama mmoja wa Kichaga alikuwa anachambua maboksi, anatupa yaliyolainika kwenye ndoo.

Nilimwambia yote. Sikumdanganya hata kidogo, sikuwa na nguvu ya kutunga kitu. Nilimwambia na ule uongo wa ngazini.

"Panya," akasema. "Kwenye matunda yangu. Kijana, umevuta nini?"

"Hatoki kwenye kabati, mama."

"Toka wewe kwanza. Nina hasara hapa, maepo yanaoza ndani ya baridi, sijui hata kwa nini."

Nikamwuliza chumba kinasoma ngapi. Akanionyesha namba mlangoni: mbili. Nikamwomba niingie na changu. Nilitaka kujua tu. Ukutani mwa ndani kilisoma mbili kweli. Katikati, nne. Nilipokishusha chini karibu na mlango, kwenye maboksi ya mbele, kilipanda hadi kumi na moja. Nilipapasa ukingo wa mlango, vidole vikapita. Mpira wa mlango ulikuwa umepasuka chini, mahali ambapo mtu hainami. Ndiyo ile hewa iliyonipiga kisigino.

Aliinama, akapitisha vidole vyake mwenyewe.

"Mafundi wawili wamekuja hapa," akasema. Kisha, bila kunitazama: "Lete hilo kabati. Kona ile, mbali na mzigo. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi uwe hapa, unafagia, unashusha maboksi. Siku usipokuja, namtoa nje na kabati lake."

Jumamosi niliwahi, na bado nilichelewa. Fundi alikuwa amekuja mapema. AC nilipishana nayo kwenye ngazi. Chumbani palikuwa na tundu ukutani linaloingiza jua. Mama alikuwa amepiga magoti bafuni, mnyama amelala ubavu juu ya vigae, masikio mekundu kama yamechapwa. Kipimajoto: ishirini na tisa.

Tulimweka kwenye boksi na chupa za maji yaliyoganda nilizozifunga kwa kanga, tukapanda bajaji. Mama aliweka kiganja juu yake, anahesabu pumzi kwa sauti ya chini. Karibu na Kariakoo mikokoteni ilikuwa imeziba njia. Tukashuka, tukatembea, mimi na boksi, yeye ameshika shati langu kwa nyuma.

"Mama," nikasema bila kugeuka, "kwangu hakuna AC. Nilikudanganya."

"Nilijua. Mwenye AC habebi sofa za watu."

"Sasa mbona ulinikubalia?"

"Nani mwingine aliuliza anakula nini?"

Tulimlaza kwenye rafu ya chini ya kabati. Hakuinua kichwa. Simu ya mama iliita, ikakatika, ikaita tena. Walikuwa watoto wake. Hakupokea. Adhana ya adhuhuri ilipita. Mwenye matufaha alikuwa anahudumia wateja mlangoni, na kila akirudi anauliza, "Bado?" nasi tunasema bado. Mimi nilikuwa nasoma kipimajoto kana kwamba nikikiachia macho kitapanda. Niliona aibu kwamba nilifurahia zile siku za kupima na kujenga, wakati mnyama mwenyewe alikuwa anasubiri kule Upanga.

Masikio yalianza kupauka kabla hajasogea. Kisha akakaa. Akanywa maji, akatulia tena muda mrefu. Alishuka kwenye sinia la udongo wa wajawazito, akaunusa. Nikaogopa atakula. Akajitupa ubavu, akajiviringisha, mara moja, mara nyingi, wingu la kijivu likatoka kwenye wavu na kututulia usoni.

"Maepo yangu!" mwenye matufaha akapiga kelele, anapepea kwa kanga. Mama wa Upanga alikuwa amefunika uso kwa mikono. Hakuweza kumshika akiwa na vumbi lile, kwa hiyo aligusa wavu tu, kisha akatoka kwenda kwenye ndege yake.

Nikamwuliza mwenye matufaha kuhusu kesho, maana ilikuwa Jumapili.

"Mimi nitakuwa kanisani. Mlinzi atakufungulia. Kwani huyo anajua Jumapili?"

Kibarua cha Morogoro kilikuwa kinaanza Jumatatu. Niliketi sakafuni, mgongo kwenye kabati. Nyuma yangu chinchila alikuwa anatafuna kona ya rafu niliyoipiga msasa. Ishirini na mbili. Nikaangalia tena.