Kati Yangu na Kati ya Nekesa

Enzi hizo Bugembe, Uganda, mtoto hakuwa na simu, alikuwa na barabara. Tuliokulia karibu na lami tunajua. Asubuhi ilinuka dizeli na mandazi, jioni ilinuka fenesi lililoiva kupita kiasi. Mama alikuwa akisema, "Nikikukuta tena kando ya lami, utalala na mbuzi." Mbuzi wenyewe walikuwa wanalala kando ya lami.

Mchezo wetu ulikuwa kupima trela. Penye matuta trela hupunguza mwendo kabisa, na mtoto anaweza kwenda nayo sambamba kwenye njia ya miguu. Mmoja alifuata pua, mwingine mkia. Wa tatu alipaza sauti, "Sasa!" na papo hapo wale wawili walidondosha chini kipande cha muwa. Trela ikaenda zake, miwa ikabaki, tukahesabu hatua kutoka kipande hiki hadi kile. Ilikuwa lazima wadondoshe kwa wakati mmoja. Wa mkia akichelewa, trela inatoka fupi.

Rafiki yangu wa pekee alikuwa Nekesa. Baba yake, Mkenya, aliendesha trela ya saruji. Kwao walisema Kiswahili kizuri. Sisi tulikisema kwa ajili yake tu, kwa kukivunjavunja, maana kwa mama yangu kilikuwa bado lugha ya askari wa kuogopwa. Nekesa alijigamba kwamba trela ya baba yake ndiyo ndefu kuliko zote.

Siku baba yake alipopita, Nekesa mwenyewe alishika mkia. Mimi nilikuwa mtoto wa aibu, hata darasani sikunyosha mkono, basi wenzangu wakanipa kazi ya kupaza sauti ili nizoee. Trela ilipofika kwenye tuta, Kiswahili kikanitoka kichwani. Nikapiga kelele, "Kati!"

Kwa Kiganda, kati ni sasa. Kwa Nekesa, kati ni katikati. Akakimbia mbele hadi katikati ya trela, akadondosha muwa wake hapo.

Tukahesabu hatua kumi na moja. Trela zote za siku ile zilikuwa zimepita ishirini.

"Banange, jamani!" Isabirye, mkubwa wetu, alishika tumbo. "Baba Nekesa anaendesha nusu trela! Nusu nyingine ameiacha mpakani Malaba!"

Nekesa alimpa mgongo. Alinitazama mimi. "Umefanya makusudi, Mudondo."

Nilitaka kueleza, nikaishia kuinama kuokota muwa. Tangu siku hiyo hakusema nami, na kwao walikuwa wanahamia Mbale, upande wa viwandani, shule zikifungwa tu. Nilikuwa na wiki moja.

Dada yangu Kagoya alikuwa amemaliza masomo ya sekondari, yuko nyumbani anasubiri matokeo. Nilimweleza jikoni, akimenya viazi. Alicheka mpaka akaweka kisu chini. Kisha akasema, "Lakini unajua trela hufupika kweli?"

Nilidhani ananitania.

"Chukua trela inayokimbia karibu sawa na mwanga," akasema. "Hakuna trela hiyo, lakini chukua. Mmedondosha miwa kwa wakati mmoja, hakuna aliyekosea. Bado mtapata fupi. Si kwamba macho yanadanganya. Urefu umepungua upande ule inakoelekea tu, kimo na upana vinabaki."

"Na dereva?"

"Dereva akiipima akiwa ndani, ni ileile ya siku zote. Kwake barabara ndiyo imefupika, mpaka Mbale. Na nyinyi atawalaumu. Atasema wa pua alidondosha mapema, wa mkia akachelewa."

"Lakini tulidondosha pamoja!"

"Kwenu pamoja. Kwake hapana. Sasa yenu na sasa yake si moja, na hakuna anayesema uongo."

Nikauliza juu ya trela ya baba Nekesa. "Hiyo nayo ilifupika," akasema, "kidogo mno, hakuna chombo cha kuonyesha hilo. Ile nusu uliila wewe na kati yako. Nenda ukamwambie."

Nilienda siku ya mwisho, kipande cha muwa mkononi, vitanda vikiwa vimeshapakiwa. Nekesa alikuwa ameketi ndani ya trela, dirishani, karibu na baba yake. Maneno yote ya Kagoya yalipotea, nikabaki na haya tu: "Kwetu, kati ni sasa."

Aliinama kunielekea. "Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa."

"Mjinga wewe," akasema, na akaanza kucheka. Trela ilipofika kwenye tuta alitoa kichwa nje akapiga kelele, "Kati!" Mimi, niliyekuwa nikienda sambamba na pua, nikadondosha muwa wangu. Kwenye mkia hakukuwa na mtu, kwa hiyo hatukupata urefu.

Siku hizi watoto wa Bugembe hawapimi kitu. Wanaiuliza simu, inawajibu kabla hawajamaliza kuuliza. Mwenzao akiuliza uko wapi, wanaandika "nafika sasa hivi" wakiwa bado kitandani. Sisi kupata sasa moja ya watu wawili kulitutoa jasho. Shule niliishia ya msingi, na somo lile la Kagoya ndilo sijalisahau.

Nekesa bado yuko Mbale. Hupiga simu na kuuliza nitakwenda lini kumwona. Nami hujibu, "Kati."

"Ya kwenu," huuliza, "au ya kwetu?"