Kijiji Kilichofundishwa Kunyamaza

Walisema sitafika popote. Mwalimu wangu wa darasa la saba alisema kichwa changu kinafaa kubebea magunia ya kahawa tu, na baba mdogo akacheka kuliko wote. Nilirudi na stashahada ya ufundi mitambo, ya kwanza katika kijiji chetu cha Wamatengo, milimani juu ya Mapera. Kabla mwaka haujaisha nilikuwa nimefunga mashine ya kusaga, na mlio wake ulisikika hadi bonde la pili. Sijisifu bure. Hakuna mwingine aliyeweza.

Mashine niliinunua kwa fedha za kukopa kwa watu watatu: baba mdogo, shangazi na katekista wa kigango chetu. Ushirika ulikuwa umelegea, wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wakipanda milima na mizani zao, na vyama vingi vya siasa vilikuwa vimeruhusiwa. Nikajiunga na kimoja kati ya vile vipya. Nilitaka kuuliza hadharani kwa nini ushuru wa kahawa yetu haujajenga hata daraja moja. Swali hilo lilinivunja taya.

Bibi yangu alitulea kwa ajili ya vita ambavyo yeye mwenyewe hakuviona. Tukiwa tunapalilia kwenye ngoro, yale mashimo tunayolima mteremkoni, alikuwa akiita ghafla, "Wamekuja!" Wote tulijitupa shimoni, uso chini. Aliyekohoa alichapwa mpaka ngozi ipasuke. Mimi nilikohoa mara nyingi.

Mafunzo hayo aliyapata kwa mama yake, aliyejificha pangoni na ukoo mzima huku wavamizi wenye mikuki wakipita juu yao. Alikuwa na mtoto mchanga, na mtoto akaanza kulia. Mama akamfunika pua na mdomo kwa kiganja, akakaza mpaka miguu ya mtoto ikaacha kutapatapa. Ukoo ukapona. Kisha akaja Mjerumani, na waliojitokeza kusema naye kwa niaba ya wenzao, bibi alisema, ndio waliotangulia kwenye kamba ya kunyongea.

Kwa hiyo mikutano ya kijiji chetu haikuwa na maswali. Kiongozi aliuliza, watu wakatazama vidole vya miguu. Watumishi waliotoka mikoa mingine walidhani tunakubali kila kitu. Kura ziliamuliwa jikoni na wazee, kisha ukoo mzima ukachagua upande mmoja. Aliyetofautiana hakuitwa mpinzani. Alionekana kama yule mtoto wa pangoni.

Haya yote niliyajua, na bado nikakosea. Jumapili moja baada ya ibada niliita mkutano wa chama kipya mbele ya mashine yangu, nikapandisha bendera juu ya paa la kibanda chake. Walipokaa kimya, nikaanza kuwanyooshea kidole mmoja mmoja, kama nilivyozoea chuoni.

"Shangazi, wewe sema."

Shangazi akajifunika uso kwa khanga, akainuka. Wote wakainuka naye. Nilidhani wameona aibu.

Walirudi na mapanga na mawe. Mbele alikuwa baba mdogo na shoka.

"Shikamoo, baba."

"Shikamoo yako kaa nayo. Shusha kitambaa hicho."

"Nchi imeruhusu, baba."

"Nchi haikulala pangoni."

"Hata wewe hukulala!"

Alinipiga tayani kwa kisogo cha shoka. Nikaangukia kwenye pumba. Nyuma yangu walikuwa wakikata mikanda ya mashine na kuponda injini kwa mawe, na kila pigo nililisikia mwilini. Nikapiga kelele. Ndipo baba mdogo aliponikandamiza kwa goti kifuani na kunifunika mdomo na pua kwa kiganja. Akakaza. Nilisikia harufu ya ugoro. Machozi yake yalinidondokea kwenye paji la uso, lakini mkono haukulegea. Niling'ata kwa meno yaliyobaki, hadi nikafika kwenye mfupa.

"Mwache!" shangazi alilia akimvuta shati. "Mwache, ameshanyamaza!"

Hospitali alikuja katekista peke yake. "Mwanangu," alisema, "umekula fedha zetu, kisha unatuitia kifo. Mdaiwa hana mdomo. Lipa kwanza."

Nikashuka Ngumbo, ufukweni mwa ziwa, taya imefungwa kwa waya, nikatengeneza injini za boti.

"Fundi, Wamatengo wamekufunga mdomo?" wavuvi walinitania.

"Mikono wameisahau," niliwajibu kupitia meno yaliyofungwa. "Leta injini."

Miaka miwili nilikula usipa, vile visamaki vya ziwani, na kunuka oili. Fundi kama mimi ufukwe ule haukuwa umepata.

Siku niliyopanda mlimani kulipa, nilichagua siku ya mkutano wa kijiji. Nilimlipa shangazi mbele ya watu, nikamlipa katekista, mwisho baba mdogo. Alipokea kwa mkono wenye kovu la meno yangu, kidole gumba hakikunjiki.

"Sitakuomba radhi," alisema.

"Sikuifuata hiyo."

Kiongozi akauliza kama kuna swali. Nikasimama. Mkono wa baba mdogo uliinuka kidogo kutoka pajani, naye akauweka chini na kuukalia. Taya iliniuma na maneno yalitoka upande upande, lakini habari ya ushuru na daraja niliisema yote, mpaka mwisho.