Betri ya Tulinagwe

Hezron wa Igamba alikuwa na wivu wenye mpangilio. Alijua mkewe Tulinagwe kasalimiana na nani kanisani, na mkono umeshikwa kwa muda gani. Walikuwa na wajukuu sita, lakini hakuona sababu ya kulegeza ulinzi.

Moyo wa Tulinagwe ulipoanza kusuasua, hospitalini jijini wakampachika betri chini ya mtulinga wa kushoto. Fundi wa betri hizo, kijana aitwaye Yesaya, aliwaeleza vizuri: kifaa kinasikiliza, moyo ukipiga wenyewe, kinanyamaza; ukichelewa, kinaushtua. Hezron alichoelewa ni kwamba yupo mwanamume mwingine anayeujua moyo wa mkewe, na kila wiki anapiga simu kuuulizia.

Msimu wa kahawa, Tulinagwe akazimia mara tatu. Wakarudi kliniki. Yesaya akapima: betri nzima, waya mzima, mapigo sawa.

“Mama, huwa unazimia ukifanya nini?”

“Sikumbuki, mwanangu. Mtu akizimia hajitazami.”

“Tusipojua, safari ijayo huenda usizinduke.”

Hezron alijua. Akakohoa, akatazama dari, akakohoa tena.

“Huwa anazungusha mashine ya kumenyea kahawa. Kwa mkono wa kushoto.”

Tulinagwe akageuka taratibu. “Baba Ombeni, si ulikuwa Vwawa siku zote hizo?”

“Nilikuwa nyuma ya migomba.”

“Ukifanya nini?”

“Jirani yetu Barnaba alikuja kuazima ungo.”

“Mara tatu zote?”

“Ndiyo maana nikakaa.”

Yesaya, kwa adabu, alijifanya hasikii. Akamwomba Tulinagwe abananishe viganja vyake viwili kwa nguvu. Mstari wa mapigo kwenye skrini ukalala, macho ya mama yakaanza kulegea. “Achia, mama, achia!” Mstari ukarudi kurukaruka.

“Nimepata chanzo,” alisema. “Kifaa kinasikia msuli wa mkono, kinadhani ni moyo. Basi kinanyamaza, na moyo wenyewe umesimama. Nitakipunguzia usikivu.”

Akabonyeza vitufe vya mashine yake, akamshika Tulinagwe kiganja na kumwambia amsukume kwa nguvu zote. Safari hii mapigo yakaendelea kama kawaida.

“Na huyu je?” Tulinagwe akamwonyesha mumewe kwa kidevu. “Huwezi kumpunguzia kidogo?”

“Huyo, mama, hana waya.”

Wakacheka wote wawili. Hezron hakucheka. Mke wake angeishi, na alimshukuru Mungu kwa dhati. Ila kipimo kilikuwa kimekwisha, na kile kiganja kilikuwa bado hakijaachiwa.