Daftari la Paswadi

Jumanne nilikuwa kwenye saiba moja, duka la intaneti mjini Bungoma, nikingoja kuchapishiwa barua kutoka barua pepe yangu. Mbele yangu alikaa msichana kutoka Kabuchai, amekuja kuomba nafasi ya chuo, na maombi yalikuwa yanafungwa saa kumi na moja jioni hiyo. Saiba hiyo mteja hajijazii fomu wala hajifungulii barua pepe. Unamtajia kijana wa kaunta paswadi yako, anaiandika kando ya jina lako kwenye daftari lake, kisha anakufanyia yote.

"Kozi gani, siste?"

"Sayansi ya kompyuta."

Kijana akacheka hadi kiti kikazunguka. "Ati kompyuta? Hiyo ni ya wavulana, bana. Nakuwekea unesi, utanishukuru."

Nilifungua mdomo niingilie, si mnanijua, lakini msichana alikuwa ameinamia simu yake, kidole gumba kikicheza. Kijana akajaza unesi, akainua kidole kwa madaha ili atume. Ukurasa ukapotea.

"Aii! Imenitoa!"

"Ni mimi nimekutoa," msichana akasema bila kuinua macho. "Nimebadilisha paswadi."

"Umebadilisha aje?"

"Wachana nayo, bro. Hiyo ni ya wavulana."

Dakika kumi kabla ya saa kumi na moja, alikuwa ameituma fomu mwenyewe kwa simu, kompyuta ikiwa chaguo la kwanza. Kijana akachukua kalamu, akakata jina la msichana daftarini polepole.

Mimi, bingwa wa midahalo ya haki za wasichana chuoni, nilisogea kaunta nikamnong'oneza akate na langu.