Gunia kwenye Keria

Injini niliilaza sebuleni, juu ya meza ya kulia, na hakuna aliyeniuliza. Hilo ndilo lililoniuma kwanza. Mke wangu angekuwapo, ningefukuzwa mpaka uani na grisi yangu. Lakini alikuwa ameteremka kwao ziwani kumuuguza mama yake, mama akafariki, matanga yakaisha, na yeye hakupanda tena kuja kwetu Matiri. Watoto walishaondoka, kila mmoja na maisha yake. Nikawa nasonga ugali wa mtu mmoja, na hata huo unabaki.

Siku ya kumaliza matanga nilimwuliza anarudi lini. Hakugomba. Alisema, "Huko juu ni mbali na watu wangu. Nikipanda, nani atakuwa ananiteremsha?" Nilirudi na basi nikilitafuna neno hilo njia nzima. Pikipiki sikuwa na uwezo nayo. Nilikuwa na baiskeli, na injini ya pampu niliyokuwa nikiitumia kumwagilia miche ya kahawa, pampu yenyewe ilishakufa. Nikaamua nitamteremsha mwenyewe, kila atakapotaka.

Sproketi, ile gia ya meno inayoshika cheni, ya pikipiki kuukuu niliifunga kwenye spoki za gurudumu la nyuma, katikati nikaweka vipande vya tairi ili chuma kisizikate. Kulia kuna cheni ya pedali, kwa hiyo ya injini niliipitisha kushoto, na ekzosi nayo kushoto, bomba nililolikata kwenye kitanda cha chuma cha wanangu. Ilipowaka mara ya kwanza nyumba ilijaa moshi, nikacheka kwa sauti. Kisha nikaona haya kucheka peke yangu, nikaizima.

Kwetu milimani chombo kinapimwa kwa kupanda. Nilifunga gunia la mahindi kwenye keria, zito kama yeye kwa kukisia, na asinisikie. Nikawa nalipandisha na kuliteremsha, huku napiga pedali kuisaidia injini. Jirani akanitania, "Mzee, umeoa gunia?" Nikamjibu kwamba hili angalau halinuni. Nilipofika ndani nilijichukia kwa neno lile. Nikashona mto wa sponji wa kuweka kwenye keria, nikaufunika kwa kitenge alichokuwa amekiacha.

Niliteremka hadi kwao Mbamba Bay nikiwa na furaha ya kijinga. Nilimkuta anaanika usipa, dagaa wa huku kwetu, kwenye chanja nyuma ya nyumba ya marehemu mama yake. Alifuta mikono, akaizunguka baiskeli, akakigusa kile kitenge, akatabasamu. Halafu akakaa upande upande, miguu yote kushoto, kama alivyokuwa akikaa enzi za uchumba wetu. Mara akaruka chini, ameshika shavu la mguu. Ekzosi ilikuwa bado ya moto.

Akaitazama, akaitazama na cheni. "Miguu yangu umeiwekea wapi?"

Niliinama nikatazama kushoto kwa keria.

"Ulikuwa unapima na nini?"

"Na gunia."

Alicheka mpaka akapangusa macho, nami nikacheka naye. Sikuwa nimecheka na mtu kwa muda mrefu. Kisha akasema taratibu, "Hata huko juu nilikaa hivyo hivyo, baba, sina pa kuweka miguu." Hakusema kwa hasira, ndiyo maana iliniingia.

Sikumwomba tena arudi. Asubuhi alinijazia usipa mkavu kwenye gunia, akalifunga mwenyewe kwenye keria, juu ya kitenge chake, akaniambia niende polepole. Kwenye milima ya kuelekea Mbinga injini ilichoka, nikashuka, nikaisukuma baiskeli na gunia lake.

Bomba sasa nimelikunja likapita chini. Cheni nimeifunika kwa bati, na kushoto nimefunga ubao wa kukanyagia. Nimemtumia ujumbe kumweleza. Amejibu, "Vizuri."

Baiskeli inalala sebuleni, pale alipokuwa akikaa yeye. Jioni nikishakula huwa nakaa kwenye ile keria, upande upande, miguu kushoto. Miguu inakaa vizuri kabisa. Mbele yangu kuna meza, ukuta na kiti changu. Hivyo ndivyo alivyokuwa akivitazama miaka yote. Natazama na mimi, na mpaka leo sijaona kilichokuwa kikimkalisha hapa.