Miche Iliyotolewa Mapema

Mahamud alikuwa amefanya kazi miaka kadhaa katika kitalu kimoja cha miche nje kidogo ya Kings Heath, jijini Birmingham, kabla mwenzake yeyote hajajua kwa nini mwezi wa Mei humbadilisha. Miezi mingine alikuwa mtu wa masihara. Mei ikifika, miche ya nyanya na maua inapotolewa kwenye banda la plastiki lenye joto ili izoee upepo wa nje, alinyamaza. Na kila alipovuka mlango wa banda na trei mikononi, aligeuka nyuma.

"Unamtafuta nani?" Zilpah alimwuliza siku moja. Alikuwa Mkenya mwenzake, mama wa Kakamega, na ndiye aliyekuwa ndani akimpokeza trei.

"Simtafuti mtu, Mama Cheryl."

"Mbona basi umenitazama kama umeona maiti?"

Mahamud akaweka trei chini, akakaa juu ya gunia la udongo, akamweleza.

Alikulia Garissa, kwenye mashamba ya vitunguu kando ya mto Tana. Baadaye alifika Italia, na huko akakutana na watu waliomwahidi kazi ya kupaka rangi nyumba Birmingham. Nyumba aliyopelekwa ilikuwa Shard End, ya matofali, imebanana na nyingine kama hizo. Ndani madirisha yalikuwa yamezibwa kwa plastiki nyeusi, na vyumba vya juu vilijaa mibangi chini ya taa kali. Mlango ulifungwa kwa nje. Mtu mwenye funguo alichukua pasipoti yake, akamwonyesha ndoo ya kumwagilia.

Alimkuta mtu mmoja humo: Tahlil, fundi cherehani wa Eastleigh, mtu mzima mwenye kifua kibovu. Kwa mvuke na ile harufu nzito, alikohoa kutwa nzima.

"Siku nyingine nasahau kama huko nje kuna jua," Tahlil alimwambia.

Mwezi wa Aprili nyaya za umeme zikaanza kunuka moshi. Mwenye funguo aliogopa kwamba moto ungewaleta polisi, akaamua kuihamishia mimea ua wa nyuma, nyuma ya uzio mrefu wa mbao. Alijua Mahamud ni mkulima.

"Inaweza kutoka lini?" akamwuliza.

Mahamud alilijua jibu. Kupitia tundu dogo kwenye ile plastiki nyeusi, kila asubuhi aliona nyasi zimekuwa nyeupe kwa jalidi, umande ulioganda usiku. Mmea uliolelewa kwa joto na taa hautupwi nje ghafla. Husubiri mwisho wa Mei, baridi ya kugandisha ikishapita, kisha hutolewa kidogo kidogo, kivulini kwanza, mpaka shina likaze.

"Hata kesho," akasema.

Yule mtu alipoondoka, Tahlil alimgeukia. "Itakufa yote."

"Najua. Lakini mlango utafunguliwa."

Walikubaliana kubeba pamoja, na wakifika kwenye uzio waruke wote wawili. Asubuhi mwenye funguo akapanga vingine: Tahlil abaki jikoni akipokeza, Mahamud awe nje akipokea. Wakafanya hivyo, mwenye funguo akiwa amesimama katikati yao. Mara simu yake ikalia, akasogea hadi kwenye kona ya nyumba.

Mahamud alimwashiria mwenzake. Tahlil alikuwa amekumbatia chungu cha mmea. Alipiga hatua, kikohozi kikamshika, akaegemea mwimo wa mlango. Mwenye funguo akageuka. Mahamud akapanda juu ya pipa la taka, akavuka uzio. Akiwa upande wa pili alisikia mlango ukibamizwa, na nyuma ya mlango ule, Tahlil akiendelea kukohoa.

Alijificha msikitini, akiamini kwamba polisi wangemfunga yeye. Siku zilipita kabla hajakubali kusindikizwa kituoni. Alipowafikisha polisi kwenye ile nyumba, ilikuwa tupu, hata taa zimeng'olewa. Uani mibangi ilikuwa bado imesimama kwenye vyungu vyake, majani yamekuwa meusi, yananing'inia. Tahlil hakupatikana. Mahamud alipewa kibali cha kukaa, akapata kazi hii ya kitalu, na kila mwaka alikwenda kituoni kuuliza.

"Ninamsikia," alimwambia Zilpah. "Mchana kweupe, nikiwa na mche mkononi. Anakohoa pale mlangoni."

Zilpah alikuwa mtu wa kanisa asiyekosa aya ya kila jambo. Siku ile aliketi tu kwenye gunia jingine, kando yake. "Ungebaki, mngepotea wote wawili," akasema.

"Polisi pia walisema hivyo."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi ndiye niliyechagua ile siku."

Zilpah aliinuka, akapangusa udongo kwenye aproni yake, akatoka nje ya banda. "Kuanzia leo nje ni mimi," akasema. "Wewe kaa ndani, unipokeze."

Wakafanya kazi hivyo mpaka meza zikabaki tupu. Mahamud alipokeza bila kugeuka hata mara moja, na Zilpah akadhani dawa imepatikana. Alipopokea trei ya mwisho na kuiweka chini, alimngoja atoke. Hakutoka. Alimsikia ndani akizungumza Kisomali, polepole, kama mtu anayembembeleza mgonjwa anyanyuke. Zilpah hakuijua lugha hiyo. Alichotambua ni jina la Tahlil tu.

Manyunyu yalikuwa yameanza.

"Mahamud, toka basi," akaita.

Ilichukua muda. Kisha akatoka kinyumenyume, taratibu, mkono mmoja umenyooshwa kuelekea ndani.