Pua ya Mama Sephora

Ernestine alitoka Uvira na kufika Bujumbura akiwa na binti mmoja, Sephora, sufuria mbili na sifa ya kupika mukeke, samaki wa Ziwa Tanganyika, kuliko mtu yeyote. Sifa hiyo ndiyo iliyompatia kazi mtaa wa Gihosha, kwa Bwana Salvator, mkubwa wa wizara, aliyependa kuwaambia wageni kwamba ulimi wa mpishi wake hauna mwenzake mjini.

Mwaka 1995 risasi zilianza kulia mtaa wa Kamenge, alikokuwa akiishi. Alikimbia na wenzake, akateleza, kisogo kikagonga jiwe. Alizinduka hospitalini kichwa kikimuuma, lakini mzima, na ndugu wakamshukuru Mungu. Siku ya tatu wakamletea chai ya tangawizi. Akaona ni maji ya moto yenye sukari.

Daktari kijana aitwaye Gaspard akamnusisha sabuni, kahawa, kitunguu. Hakusikia kitu.

"Mama Sephora, ulimi yako ni muzima," akamwambia. "Lakini ulimi haijue mambo mingi. Chumvi, sukari, uchachu, uchungu, karibu ni hiyo tu. Ile ingine yote tunaijua kwa pua. Ukitafuna, harufu inapanda nyuma ya koo mpaka juu ndani ya pua. Pale kuko nyuzi ndogo-ndogo, zinapita mu mufupa kwenda kwa ubongo. Kichwa ilitikisika, nyuzi zikakatika."

"Zitarudi?"

"Pengine zitaota tena, pole pole."

"Na kazi yangu, dokta? Mi ni mupishi."

Gaspard akatazama mlango. "Kwa hiyo, mama, usimwambie mutu."

Hakumwambia. Alirudi Gihosha akapika kwa kukumbuka: vijiko vingapi, dakika ngapi, mawese yawe na rangi gani. Pilipili peke yake ilimfikia kama zamani, kwa kuwa pilipili si ladha wala harufu, ni kuungua tu, na kuungua alikuwa bado anakujua. Basi akaizidisha. Bwana Salvator alitokwa na jasho, akajifuta, akasema hajawahi kula vizuri hivi, akaanza kualika watu wengi zaidi.

Jumapili moja umeme ulikuwa umekatika tangu Ijumaa. Ernestine alitoa vipande vya samaki kwenye friji, akavigeuza, akaona havina neno. Akakamulia ndimu, akamimina pilipili. Wageni sita walikaa mezani. Madamu Elvire, mke wa Salvator, alikunja pua, akamtazama mumewe. Mumewe alikuwa tayari anasifu. Mgeni mmoja, Ildephonse, aliyekuwa akitafuta cheo ubalozini, aliomba kuongezewa. Pua nane nzima kabisa zilikuwa pale, wala hakuna iliyosema neno. Jioni wote wanane walikuwa vitandani wakishika matumbo.

Kesho yake Salvator akamwita Ernestine kando ya kitanda.

"Mama Sephora, haukuonja?"

"Nilionja, Patron. Chumvi ilikuwa sawa."

Kisha akalia, akaeleza yote, akingoja kufukuzwa. Salvator akapiga hesabu. Akimfukuza, watu watauliza sababu. Na miezi yote hiyo alikuwa amewasifia mke wa waziri na nusu ya wizara chakula cha mwanamke asiyesikia ladha yake.

"Hii maneno ibaki humu ndani," akasema mwishowe.

Tangu siku hiyo Madamu Elvire, ambaye hakuwa akijua jikoni kunafunguliwa upande gani, alishuka kila asubuhi kunusa nyama na samaki. Haukupita mwezi akawa anawaambia wageni kwamba mapishi ya nyumba ile ni yake.

Mwaka uliofuata, wakati wa mvua, Ernestine alikuwa akipita nyuma ya soko, wanapotupa matumbo ya samaki. Kitu kikampiga usoni. Akasimama, akavuta pumzi kwa nguvu, akavuta tena, machozi yakimtiririka. Watu walipita haraka wameziba pua kwa vitenge.

"Mama, unalia nini?" akauliza muuza mboga mmoja. "Umefiwa?" Miaka ile, lilikuwa swali la kawaida.

"Apana. Nasikia harufu!"

"Siye wote tunaisikia. Toka hapo, utaugua."

Ernestine akaitikia kwa kichwa, lakini hakuondoka upesi.